Pacha Haliliwi

Jumatatu, 11 Juni 1984

Tumechambua pamba tangu umande ulipokauka. Safi upande wangu, fifi, ile chafu ya daraja la pili, upande wa Bibi. Mwanangu Doto alikaa katikati akazichanganya. Si makusudi. Mkono unachukua, macho yako kwingine. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akitusahihisha. Angeinua donge la pamba juani na kuniambia mimi mama yake, "Mayu, hii umeipendelea, hii ni fifi." Leo Bibi alirudia fungu lote kimyakimya. Baba Kulwa alipita, akaona, akaenda zake kwa ng'ombe.

Kulwa, pacha wa Doto, yuko ardhini Geita tangu mwezi uliopita. Shimo walilokuwa wakichimba dhahabu, wenyewe huliita duara, lilimporomokea akiwa chini. Doto alikuwa juu ameshika kamba. Wachimbaji wenzao walimzika hukohuko kabla habari haijatufikia. Doto akarudi peke yake na mfuko wa nguo za wote wawili.

Hapa nyumbani hatujalia. Pacha haliliwi. Ukimlilia aliyetangulia, mwenzake atamfuata. Bibi, mama yake Baba Kulwa, alituambia hivyo palepale Doto aliposhuka kwenye basi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaufunga.

Alhamisi, 14 Juni

Nimechagua kuni mbichi makusudi. Jiko likajaa moshi, nikalia humo mpaka kifua kikauma. Bibi alisimama mlangoni akauliza mbona macho mekundu. Nikasema moshi. Akasema, "Moshi si mbaya." Akaondoka. Anajua.

Doto amekula matonge machache, akanawa.

Jumapili, 17 Juni

Jana nilikwenda kwa katekista kumwomba asisome jina la Kulwa kwenye marehemu wa mwezi. Alinitazama sana. "Mama Kulwa, una hakika?" Nikamwambia ni kwa ajili ya Doto, asije akashindwa kujizuia mbele za watu. Akakubali.

Leo Doto alivaa shati lililopigwa pasi, tukaenda pamoja. Katekista alisoma: mzee mmoja wa bondeni, mama aliyekufa akijifungua, mtoto mchanga wa mwalimu. Doto aliinua kichwa tangu jina la kwanza. Alikuwa anangoja. Kusoma kulipokwisha alinigeukia. Mimi nikatazama altare.

Alitoka kabla ya sadaka. Nilimkuta kwenye baiskeli, anazungusha gurudumu la mbele kwa kidole. Macho makavu. Nikashukuru kwamba hakulia. Tukarudi, yeye anasukuma baiskeli, mimi nyuma. Njiani nilizungumza habari ya bei ya sabuni.

Jumatano, 27 Juni

Nimeficha vitu vya Kulwa. Mashati nimeyafunga kwenye kanga ya zamani. Kikombe chake cha bati nimekitia chini ya magunia. Vikombe vyao vilikuwa viwili, vya kufanana, kwa sababu pacha ukimpa mmoja na mwenzake umpe. Tangu wamezaliwa sijanunua kitu kimoja. Hata pipi. Kama duka limebakiwa na moja, tulirudi bila.

Kulwa alipenda ukoko wa chini ya sufuria. Alikuwa akiukwangua kwa kijiko, mlio ule ukinikera, nami nikimfukuza jikoni. Alilala mdomo wazi. Alikuwa akifunga kamba za viatu na kuacha moja ndefu kuliko nyingine. Doto ndiye aliyezifunga upya, hata walipokuwa watu wazima.

Jioni Doto alitafuta kwenye rafu ya vyombo. Alishika kikombe chake, akatazama nafasi ya pili, akakirudisha. Amekunywa maji kwa kata.

Ijumaa, 29 Juni

Doto halali usiku. Ninamsikia kila alfajiri akitembea uani.

Jumamosi, 7 Julai

Baba Kulwa alimtuma Doto kupeleka pamba kwenye ghala la chama cha ushirika kwa mkokoteni wa ng'ombe. Foleni ya mizani ilikuwa ndefu, vijana wamekaa juu ya magunia yao, hawana kazi ila midomo. Mtu aliyekuwepo ndiye aliyenisimulia.

"Mgeita huyo karudi! Lete dhahabu tuione basi, au umeimeza?"

"Mwache, bado inashuka tumboni."

Walicheka. Hawakuwa na nia mbaya, Doto wa zamani angewajibu wakakaa chini. Huyu wa sasa aliacha mkokoteni, akaacha na ng'ombe, akaondoka kwa miguu. Ng'ombe wanaijua njia. Walirudi wenyewe wakivuta mzigo, wakapitia kwenye viazi vya jirani.

Baba Kulwa alikwenda kuomba radhi kwa jirani. Aliporudi alimkuta Doto amekaa nyuma ya zizi. Akasema, "Jikaze. Wewe ni mwanaume." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayejiambia mwenyewe.

Bibi alimpelekea matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha, na mtindi. Yeye na mjukuu wake walikuwa hawaishi utani. "Mume wangu, umenikataa siku hizi. Umeoa mdogo huko Geita, anapika kunishinda?" Zamani angemjibu, "Mke wangu, wewe meno umemaliza, nani atakutafunia?" Leo alitabasamu kwa adabu na kusema asante. Adabu ile ilinitisha. Afadhali angenuna.

Jumanne, 17 Julai

Tumempeleka kwa mfumu, mganga wa jadi, ng'ambo ya mto. Bibi aliamua, Baba Kulwa akatoa mbuzi. Mimi nilikwenda kwa sababu sikuweza kubaki. Padre asisikie.

Mfumu alimwogesha dawa, akamfunga shanga nyeupe mkononi. Akasema ndugu yake anamwita na sisi tusilitaje jina. Doto alikubali kila kitu. Simama, akasimama. Kaa, akakaa.

Wakati wa kurudi Doto alitangulia. Bibi alinieleza jambo ambalo katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kulisikia. Kabla ya kumzaa Baba Kulwa alizaa pacha. Mmoja alikufa kwa homa. "Tulimlilia," alisema. "Mimi nililia kuliko wote. Nilikuwa mtoto, sikujua. Kabla ya mavuno mwenzake naye akaenda." Alikuwa anatazama njia, hanitazami mimi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anaeleza habari za mbuzi.

Nilikuwa nikimwona mgumu. Kumbe ana woga. Na sasa woga wake ninao mimi.

Jumapili, 22 Julai

Hakuja kanisani. Sikumlazimisha.

Suruali yake inashikwa na kamba. Nimemsogezea tundu jingine kwenye mkanda lakini hauvai.

Shija, mdogo wao, amekuja kutoka Mhunze alikoolewa. Amekaa kutwa akaondoka. Aliniambia nikimsindikiza, "Mayu, nyumba hii imekuwa kama ofisi ya serikali. Kila mtu anasema mambo ya kazi tu." Nilimwambia apunguze maneno. Alikuwa akimpenda Kulwa kupita kiasi. Alifika barabarani ndipo akalia, peke yake, amenipa mgongo. Nilimwona. Nikageuka.

Ijumaa, 27 Julai

Nilikwenda ghalani kwetu kuchukua ungo. Doto alikuwa amekaa chini, mlango nusu umefungwa, mbele ya kopo la dawa ya kuua wadudu wa pamba. Hakuwa ameligusa. Alikuwa anaangalia tu.

Nikamuuliza unafanya nini. Akasema anatafuta jembe.

Jembe lilikuwa nje, limeegemea ukuta. Amepita karibu nalo kuingia.

Nilisema, "Njoo unisaidie kupepeta." Akaja. Niliinamisha ungo vibaya, mtama ukamwagika. Akaokota punje moja moja.

Dawa nimeibeba mwenyewe mpaka ofisi ya kijiji, nikamwomba katibu aiweke chini ya kufuli. Aliuliza sababu. Nikasema panya. Niliporudi nikamweleza Baba Kulwa. Aliendelea kunoa panga ambalo lilikuwa limeshanolewa. Kisha akaliinua panga lenyewe, akalipeleka kwa jirani, na kamba za ng'ombe pia.

Jumamosi, 28 Julai

Zahanati. Baba Kulwa alikuwa hataki, alisema watu watasema tuna mwehu. Nikamwambia waseme.

Mganga pale ni Bwana Salehe. Baba yake alikuja huku na kazi ya reli kutoka pwani, yeye amezaliwa Shinyanga mjini. "Shikamoo, mama." Nikaitikia. Alituacha mimi na Baba Kulwa nje, akaingia na Doto, wakakaa humo mpaka watu wa foleni wakaanza kuguna.

Kisha akatuita. Alisema mbele ya Doto, bila kushusha sauti, "Nimemuuliza kama anafikiria kujiua. Amesema ndiyo." Nilidhani paa limeshuka. Sikujua kwamba mtu anaweza kuulizwa hivyo waziwazi. Bwana Salehe aliniona. Akasema, "Mama, kumuuliza hakumpi wazo. Wazo alikuwa nalo. Sasa halibebi peke yake."

Alisema huu si wehu wala si uvivu. Huzuni ikikaa sana huwa ugonjwa kama mwingine, humnyima mtu usingizi, chakula na nguvu, na watu hupona. Asiachwe peke yake. Sumu na kamba zisiwe karibu, nikamwambia tumeshatoa, akasema vizuri. Ale kidogo kidogo hata bila hamu. Atoke juani asubuhi. Afanye kazi na mtu, si peke yake. Arudi kila Jumamosi. Alimpa vidonge vichache vya kulalia, akanikabidhi mimi.

Kisha akauliza, "Huyu aliyefariki alikuwa anaitwa nani?"

Swali jepesi. Baba Kulwa akatazama kofia yake. Mimi nikamtazama Doto. Doto alikuwa anatutazama sisi, mmoja mmoja, anangoja.

Bwana Salehe aliweka kalamu chini. "Hamumtaji?"

Nikamweleza habari ya pacha, kwa ufupi. Hakucheka. Alisema kwao pia kuna mambo yao na yeye hawezi kutuamulia. "Ila mnamlinda kijana na machozi, mama, na mimi naona ndiyo anayoyataka."

Jumatatu, 30 Julai

Nimemweleza Bibi. Hajagombana nami. Alisema tu, "Mimi niliwahi kujaribu kulia. Unajua nilichopata."

Ninaogopa. Kama Bwana Salehe amekosea, nitakuwa nimemuua Doto kwa mdomo wangu. Kama Bibi amekosea, tunamuua sasa hivi, wote kwa pamoja, kwa mapenzi. Nani ataniambia? Nimesali. Sikusikia kitu.

Tunapokezana kukaa naye. Leo ilikuwa zamu ya Bibi. Walikaa kivulini kutwa nzima wakipukuchua mahindi.

Alhamisi, 2 Agosti

Niandike yote leo, hata kama mkono umechoka.

Tulikuwa tunafunga pamba ya mwisho. Gunia kubwa linaning'inizwa kwenye miti, mtu anaingia ndani, mwingine anammwagia pamba kutoka juu, yeye anashindilia kwa miguu mpaka linajaa na yeye anapanda nalo. Miaka yote aliyeingia ni Kulwa. Alikuwa mwepesi, na humo ndani aliimba nyimbo za ovyo mpaka Bibi anamrushia kokoto. Doto ndiye aliyekuwa akimwaga.

Leo Baba Kulwa alimwambia Doto aingie. Alitaka awe na kazi na mtu, kama tulivyoagizwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Doto akaingia. Nikamwaga kikapu cha kwanza, cha pili. Nywele tu zinaonekana. Vumbi la pamba limejaa.

Miguu ikasimama. Nikasikia anasema, polepole, "Doto, vuta."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Doto, vuta. Vuta basi. Doto."

Haikuwa sauti yake. Ndipo nikajua alichosikia siku ile juu ya shimo, ameshika kamba.

Nikapiga kelele. Baba Kulwa alipasua gunia kwa kisu toka juu mpaka chini, pamba ikamwagika na Doto ndani yake, anahema, mweupe kichwa mpaka miguu. Nilimshika. Na nikalia. Sikuamua. Nilimwita Kulwa kwa jina, kwa sauti ya kufika barabarani, nikamwita tena na tena, Kulwa wangu, Kulwa mwanangu.

Bibi alikuja anakimbia, mtu ambaye hajakimbia miaka. "Mama Kulwa, nyamaza. Utamuua. Nyamaza, nakuomba."

Nikasema, "Siwezi tena, mama."

Doto alinishika mkono. "Mayu, unamlilia Kulwa?"

"Namlilia."

"Kumbe mnamlilia."

Akasema mengine, maneno yanatoka vipande vipande. Kwamba alijua tumemkasirikia. Kwamba ndiyo maana kanisani hatukutaka ndugu yake asomwe yeye akiwepo. Kikombe tulikificha asikiguse. Jina hatukutaka kulitia masikioni mwake, kwa kuwa kamba alishika yeye na hakuvuta vya kutosha. Alivuta, alisema. Ilikatika. Alivuta mpaka ngozi ikatoka. Alinionyesha viganja. Makovu yapo, mekundu bado. Mwanangu amekaa nyumbani kwangu muda wote huo, nikimpa maji ya kunawa kila mlo, na sikuwahi kuangalia viganja vyake.

Baba Kulwa alikaa chini juu ya pamba safi, akalia kama mtu asiyejua inavyofanywa. Doto naye akalia. Bibi alisimama peke yake, kanga mdomoni.

Pamba yote imeingia mchanga. Ni fifi sasa.

Ijumaa, 3 Agosti

Doto alilala mpaka jua likawa juu, bila kidonge. Nimekwenda mlangoni kila mara kuangalia kama kifua kinapanda. Bibi naye. Tuligongana mlangoni. Hakunisemesha. Hakuondoka pia.

Jumamosi, 11 Agosti

Zahanati tena. Doto aliingia mwenyewe. Alipotoka alikuwa amelia na amechoka, akasema ana njaa. Tulinunua ndizi za kuchoma stendi. Alikula moja, nyingine akaishika mpaka nyumbani.

Bado kuna siku hasemi. Bwana Salehe ameniambia nisitegemee mstari ulionyooka.

Jumapili, 19 Agosti

Katekista amesoma jina la Kulwa. Tulikaa benchi moja, Doto, baba yake, mimi, na Shija aliyekuja tangu jana. Doto aliinamisha kichwa mpaka magotini. Nikaweka mkono mgongoni mwake na kuuacha hapo.

Tulipotoka tulimkuta Bibi nje chini ya dirisha, amevaa kaniki yake nzuri. Yeye si mtu wa kanisa. Alisema alikuwa anapita. Kanisa haliko njiani kwenda popote.

Njiani alimwambia Doto, "Mume wangu, nami nilizaa pacha kabla ya baba yako, wakafa. Walikuwa Kulwa na Doto pia. Kila pacha hapa ni Kulwa na Doto. Lakini mdogo nilikuwa namwita Kadogo." Doto akamuuliza alikuwaje. Bibi alifikiri sana. Akasema alikuwa na hasira, anauma akinyonya. Kisha akasema labda yule wa pili hakumfuata mtu. Labda ilikuwa homa ileile. Hakuwahi kufikiri hivyo, alisema, kwa sababu hakuwahi kumzungumzia na mtu. Alilia akitembea, hakusimama. Doto alimshikia fimbo.

Nimewaza mateso ya mwanamke yule. Amejihukumu tangu ujana wake, naye akatupa sisi hukumu ileile kwa nia njema, na mimi nikaipokea nikampa mwanangu.

Jumatano, 12 Septemba

Baba Kulwa na Doto wamekwenda Geita kutazama kaburi. Watalala Mwanza, kesho wavuke kwa kivuko. Mimi nimebaki na ng'ombe na Bibi. Nilitamani kwenda. Nauli haikutosha wote, na nilisema waende wao. Sasa najuta. Wangekwenda mama na mtoto, baba angebaki. Lakini na yeye ni mzazi.

Mke wa jirani, yule wa viazi, amekuja akiwa peke yake. Alizunguka maneno, choroko, mvua, kuku. Mwisho akauliza kama yule mganga wa zahanati huwaona na wanawake. Tangu ajifungue hamtaki mtoto, anaona aibu kusema. Niliacha kazi. Sikumwambia ajikaze. Nimemwahidi kumpeleka Jumamosi.

Jumanne, 18 Septemba

Wamerudi. Kaburi lipo, wachimbaji wameliwekea mawe kuzunguka. Doto amesema baba yake aliongea na Kulwa pale kwa muda mrefu, habari za ng'ombe mmoja mmoja.

Mara nyingine nafanya hesabu isiyo na faida. Kama ningelia siku ile ya basi. Kama ningemwacha katekista asome. Kama ningeshika mikono yake. Mtoto mmoja alichukuliwa na udongo, sina la kufanya. Huyu wa pili alikuwa mbele yangu, naye nilimwacha aende peke yake mbali kiasi kile, nikiwa nimekaa naye uani.

Alhamisi, 22 Novemba

Mvua ilinyesha jana. Watu wote wamekwenda kupanda.

Doto hakuamka. Amelala amegeukia ukuta, kama zile siku za Julai. Baba yake aliingia, akakaa kidogo kitandani, akamwambia shamba lipo, halikimbii. Akaenda na Bibi.

Nilichukua choroko, nikakaa kizingitini mwa chumba chake, nikachambua. Sikumsemesha. Kuku waliingia nikawafukuza. Uji niliuweka karibu naye, ukapoa, nikaupasha, ukapoa tena.

Jua lilipokuwa juu ya mti wa mnyaa uani akauliza, bila kugeuka, kama mvua ilifika shamba la bondeni.

Nikasema sijui.

Halafu akasema, "Kesho tukaangalie."

Nikasema haya. Nikaendelea na choroko.